Jina na Sauti: Historia ya Kutofautisha Tanzu za Hevi Metali na Hadikoo kwa Vigezo vya Kimuziki

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi tanzu za muziki wa hevi metali na hadikoo zilivyoachana na kukaribiana kati ya mwaka 1970 na 2002, na inapima iwapo majina yanayotumiwa kuzitaja yanaweza kutegemewa katika uainishaji. Kwa kulinganisha rekodi zilizotoka Uingereza, Marekani, Uswidi, Norwei na Australia, makala inaonesha kwamba baadhi ya majina yalitokana na vichwa vya albamu, mada za nyimbo na lugha ya magazeti, ilhali tofauti zinazosikika zimo katika mwenendo wa gitaa, mapigo ya ngoma, utoaji wa sauti, muundo wa wimbo na ufundi wa rekodi. Mwishoni, makala inabainisha umuhimu wa jambo hili kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili, wahifadhi wa nyaraka za sauti na washauri wa sera za utamaduni katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anaufahamu vizuri mgogoro wa vigezo. Shairi linapoitwa tarbia au takhmisa, jina linataja umbo, yaani idadi ya mishororo katika ubeti. Linapoitwa kimai au wawe, jina linataja mazingira: bahari katika la kwanza, kilimo katika la pili. Shairi moja laweza kuwa tarbia na kimai kwa wakati mmoja bila kujipinga, kwa kuwa majina hayo yanajibu maswali mawili tofauti. Tatizo huzuka pale mpangaji wa maktaba anapoyaweka yote katika orodha moja, kana kwamba yanajibu swali lilelile.

Mgogoro wa namna hiyo umeuandama muziki wa gitaa za umeme uliozaliwa Uingereza na Marekani katika theluthi ya mwisho ya karne ya 20. Majina ya tanzu zake ni mengi: hevi metali, panki, hadikoo, thrashi, dethi, blaki, dumu, graindikoo, metalikoo. Kwa sikio lisilozoea, zote ni kelele moja. Kwa mpenzi wa muziki huo, kila jina ni mpaka unaolindwa kwa bidii. Misimamo yote miwili haimsaidii mtafiti. Wa kwanza unafuta tofauti zilizopo, na wa pili unayachukua majina kama yalivyo bila kuuliza yalikotoka wala yanapima nini.

Hoja kuu ya makala hii ni kwamba historia ya muziki huu ni historia ya sifa za kimuziki zilizohama kutoka kundi moja hadi jingine, na kwamba mara kadhaa jina lilibaki nyuma wakati sifa zilipohama. Kwa hiyo, uainishaji unaotegemea jina pekee utakosea, na utakosea hasa pale ambapo makosa yana madhara.

2.0 Machimbuko Mawili

Hevi metali na hadikoo zilitoka katika machimbuko tofauti. La kwanza ni Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, ambako bendi ya Black Sabbath iliundwa mwaka 1968 na kutoa albamu yake ya kwanza Februari 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Kwa kuwa anatumia shoto, mkono huo ndio unaobonyeza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zibonyezeke kwa urahisi. Katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, gitaa katika nyimbo kadhaa liliteremshwa nusu-toni tatu chini ya kiwango cha kawaida. Sauti nzito na ya chini ambayo wengi huihesabu kuwa alama ya hevi metali ilitokana, kwa sehemu, na ulemavu wa mfanyakazi wa kiwandani. Sifa nyingine ilikuwa ya kimelodia: wimbo uliobeba jina la bendi yenyewe umejengwa juu ya umbali wa toni tatu baina ya noti, ambao sikio hulihisi kama swali lisilojibiwa.

Chimbuko la pili ni panki ya katikati ya miaka ya 1970, na hasa tawi lake kali lililojitokeza Marekani mwishoni mwa muongo huo. Jijini Washington, Bad Brains, bendi ya wanamuziki weusi, ilianza kupiga panki kwa kasi ambayo wasikilizaji wa wakati huo hawakuizoea. Rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1980. Minor Threat iliundwa katika jiji hilohilo mwaka huohuo. Kule California, Black Flag ilitoa albamu ya Damaged mwaka 1981. Katika mwaka huo pia, bendi ya D.O.A. ya Vancouver, Kanada, ilitoa albamu iliyoitwa Hardcore '81, ambayo ilisaidia kulieneza jina la hadikoo.

Tofauti ya machimbuko haya haikuwa ya ukubwa wa sauti, kwa maana yote mawili yalipigwa kwa vipaza sauti vilivyofunguliwa hadi mwisho. Hevi metali ilirithi kutoka bluzi na roki ya miaka ya 1960 mapenzi ya umahiri: solo ndefu za gitaa, nyimbo zenye sehemu nyingi, na waimbaji wenye upana mkubwa wa sauti kama Rob Halford wa Judas Priest. Hadikoo ilikata yote hayo. Wimbo wake uliweza kumalizika kabla ya dakika mbili, solo iliachwa au ikafupishwa, na mwimbaji alipaza maneno kama mtu anayehutubia umati.

3.0 Vigezo Vitano vya Kusikiliza

Ili kulinganisha rekodi bila kutegemea majina, makala hii inatumia vigezo vitano.

Kigezo cha kwanza ni mwenendo wa gitaa. Kiini chake ni rifu, yaani kifungu kifupi cha noti kinachorudiwarudiwa na kubeba wimbo mzima. Mpiga gitaa aweza kuziba nyuzi kwa kiganja ili kila noti isikike fupi na kavu kama kugonga mlango. Aweza kuachia kodi zivume. Au aweza kukwangua uzi mmoja mfululizo hadi noti ziungane na kuwa mkondo mmoja.

Kigezo cha pili ni mapigo ya ngoma. Mifumo mitatu ni muhimu hapa. Katika wa kwanza, uliotiwa muhuri na bendi ya Kiingereza Discharge, ngoma ya mguu na ngoma ndogo hupokezana kwa mwendo unaousukuma wimbo mbele bila kupumzika. Katika wa pili, ambao makala hii inauita mapigo ya mlipuko, ngoma ndogo, ngoma ya mguu na toazi hupigwa kwa kasi kubwa mno, hata sikio likasikia mvumo badala ya mapigo yanayohesabika. Katika wa tatu, mwendo hushushwa ghafla, mara nyingi hadi nusu, na rifu hurahisishwa ili hadhira icheze. Sehemu hiyo yaweza kuitwa mshuko.

Kigezo cha tatu ni utoaji wa sauti: kuimba kwa melodia, kupaza, kunguruma kutoka chini ya koo, au kupiga ukelele mwembamba. Cha nne ni muundo na urefu wa wimbo. Cha tano ni ufundi wa rekodi, yaani jinsi studio ilivyoifanya sauti iwe safi au chafu, nene au nyembamba.

Hakuna kigezo kimoja kinachotosha peke yake. Kasi, kwa mfano, haitofautishi thrashi na hadikoo. Utanzu hutambulika kwa mkusanyiko wa sifa, kama vile bahari ya shairi inavyotambulika kwa vina, mizani na mishororo kwa pamoja.

4.0 Sifa Zinazohama, 1979–2002

Dalili za mapema za kuhama zilionekana kwa bendi ya Motörhead, iliyoundwa London mwaka 1975. Ilipendwa na wafuasi wa panki na wa metali kwa pamoja, na katika albamu ya Overkill ya mwaka 1979 ngoma za mguu zilipigwa mfululizo kwa miguu yote miwili, mtindo uliokuja kuwa wa kawaida katika metali ya kasi. Mwaka 1982 Discharge ilitoa albamu ya Hear Nothing See Nothing Say Nothing. Mapigo yake yalikuwa ya panki, lakini gitaa lilikuwa nzito kiasi cha kukaribia metali.

Vijana wa Marekani waliokulia katika rekodi hizo ndio walioijenga thrashi. Metallica na Slayer zilitoa albamu zao za kwanza mwaka 1983. Thrashi ilichukua kutoka hadikoo kasi na hasira ya sauti, na kutoka hevi metali rifu zilizozibwa kwa kiganja, solo na nyimbo zenye sehemu nyingi. Deni hilo halikufichwa: Slayer ilitoa mwaka 1996 albamu iliyojaa nyimbo za bendi za panki na hadikoo, na Metallica ilirekodi upya nyimbo za Discharge mwaka 1998. Albamu ya Reign in Blood ya Slayer, iliyotoka mwaka 1986, ina nyimbo 10 ndani ya dakika zipatazo 29. Kwa kigezo cha urefu ni hadikoo. Kwa kigezo cha gitaa ni metali.

Wakati huohuo hadikoo nayo ilielekea upande wa metali. Jijini New York, Agnostic Front na Cro-Mags zilitoa mwaka 1986 albamu zenye rifu nzito na mishuko. Mwaka 1987 bendi ya D.R.I. iliiita albamu yake Crossover, yaani uvukaji. Hapa jina lilikuwa kweli kwa jambo lililotajwa, kwa kuwa lilieleza mwendo wenyewe.

Kisa cha mapigo ya mlipuko kinaonesha waziwazi zaidi kwamba sifa husafiri pamoja na watu. Bendi ya Siege ya Massachusetts ilikuwa imeufikisha mwendo wa hadikoo karibu na mwisho wake mwaka 1984. Napalm Death, bendi iliyoanzia kijiji cha Meriden karibu na Birmingham, iliuchukua mwendo huo na kutoa albamu ya Scum mwaka 1987, yenye nyimbo 28, mmojawapo ukiwa na urefu wa sekunde moja na nukta tu. Huo ndio msingi wa graindikoo. Miaka miwili baadaye, mpiga ngoma Pete Sandoval alisikika katika albamu mbili za mwaka mmoja: World Downfall ya Terrorizer, inayohesabiwa kuwa graindikoo, na Altars of Madness ya Morbid Angel, mojawapo ya nguzo za dethi metali ya Florida. Mikono na miguu ilikuwa ileile. Kilichozitofautisha albamu hizo kilikuwa muundo: katika ya pili, mapigo ya mlipuko yaliwekwa ndani ya nyimbo ndefu zaidi zenye mabadiliko mengi ya mwendo na solo zilizopindapinda. Kwa upande mwingine, Lee Dorrian, aliyeimba katika upande wa pili wa Scum, aliunda baadaye bendi ya Cathedral, ambayo albamu yake ya mwaka 1991 ni ya dumu metali, utanzu wa polepole kuliko zote zilizotajwa hapa. Mtu mmoja alikwenda kutoka ncha moja ya kasi hadi nyingine ndani ya miaka minne.

Ufundi wa rekodi nao uliweza kugawanya utanzu mmoja. Bendi nyingi za dethi za Florida zilirekodi katika studio ya Morrisound jijini Tampa, ambako kila pigo lilisikika wazi. Jijini Stockholm, Entombed ilirekodi Left Hand Path ya mwaka 1990 katika studio ya Sunlight, ikitumia kifaa cha kukwaruza sauti cha Boss HM-2 kilichofanya gitaa livume kama msumeno. Noti zingeandikwa karatasini, zingekaribiana. Masikioni, zinatambulika mara moja kuwa za miji miwili.

Mzunguko ulifungwa na metalikoo. Kule Gothenburg, At the Gates iliongeza melodia katika dethi kwa albamu ya mwaka 1995. Bendi ya Killswitch Engage ya Massachusetts, katika albamu yake ya mwaka 2002, iliunganisha rifu za namna hiyo na mishuko ya hadikoo pamoja na viitikio vinavyoimbwa kwa melodia. Sifa zilizotengana mwaka 1980 zilikutana tena katika wimbo mmoja.

5.0 Jina Linapopotosha: Kisa cha Blaki Metali

Jina la blaki metali lilitokana na albamu ya bendi ya Venom ya Newcastle, iliyotolewa mwaka 1982 kwa jina hilo. Lilielekeza kwenye maudhui: taswira za shetani, zilizotumiwa kwa kiasi kikubwa kama tamthilia. Kimuziki, Venom iko karibu na Motörhead: ni roki ya kasi, yenye rifu za kawaida na sauti ya kukwaruza.

Muziki ulioitwa kwa jina hilo kule Norwei miaka kumi baadaye ni kitu kingine. Darkthrone ni ushahidi mzuri. Albamu yake ya mwaka 1991 ilikuwa dethi, iliyorekodiwa katika studio ileile ya Sunlight. Mwaka uliofuata, kwa albamu ya A Blaze in the Northern Sky, bendi iligeuza karibu vigezo vyote: mngurumo ulipisha ukelele mwembamba, gitaa likaegemea mkwanguo mfululizo, na rekodi ikafanywa nyembamba na chafu kwa makusudi. Mpangaji anayefuata jina ataziweka Venom na Darkthrone katika rafu moja, ingawa zinalingana kwa maneno zaidi kuliko kwa sauti.

Jina hilo lilibeba pia mzigo wa kijamii. Kuanzia mwaka 1992, makanisa kadhaa ya Norwei yalichomwa moto, na baadhi ya wanamuziki wa kundi hilo walihukumiwa kwa makosa hayo na kwa mauaji. Uhalifu huo ni jambo la hakika na haupaswi kupunguzwa uzito. Hata hivyo, ulizaa dhana kwamba sauti yenyewe ndiyo iliyo na imani hiyo. Dhana hiyo ilikanushwa mapema: mwaka 1994 mradi wa Horde kutoka Australia ulitoa albamu ya Hellig Usvart, yenye sauti ya blaki metali na maneno ya Kikristo. Umbo lilikuwa lilelile, na maudhui yalikuwa kinyume. Tarbia yaweza kubeba kumtukuza Mungu au kumkejeli jirani, umbo halichagui.

6.0 Athari kwa Istilahi na Sera za Kiswahili

Jambo hili limekwisha kufika Afrika Mashariki. Agosti 2020, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kwanza ya Duma, kundi la Martin Khanja na Sam Karugu waliotoka katika bendi za metali za Nairobi. Jina lao limetokana na neno la Kikuyu lenye maana ya giza, ingawa msomaji wa Kiswahili huona mnyama mwenye mbio. Ngoma zake zimetengenezwa kwa vifaa vya elektroniki. Atakayeiainisha kwa ala ataiita muziki wa elektroniki. Atakayeiainisha kwa taswira ataiita muziki wa giza. Atakayeisikiliza kwa vigezo vitano atatambua mapigo ya mlipuko na ukelele vilivyorithiwa kutoka graindikoo, vikiwa vimeondolewa katika bendi ya kawaida ya gitaa na ngoma na kuwekwa ndani ya kompyuta. Maelezo ya tatu pekee ndiyo yatakayomwezesha mtafiti wa miaka 50 ijayo kujua kilichosikika.

Kwa waundaji wa istilahi, njia mbili za mkato zina hatari. Tafsiri sisisi ya blaki metali kuwa “muziki mweusi” ingeeleweka kama muziki wa watu weusi, maana iliyo mbali kabisa na utanzu wa Norwei. Utohozi nao una mipaka: “dumu” lililotoholewa linakutana na dumu la maji na kitenzi kudumu, na halimwelezi msikilizaji kuwa muziki huo ni wa polepole. Suluhisho linalopendekezwa ni kutenganisha kazi mbili. Jina la utanzu litoholewe na kubaki kama jina, kama majina ya rumba na bluzi yalivyobaki. Sifa za kimuziki zielezwe kwa Kiswahili chenye mizizi katika msamiati uliopo wa ngoma, dansi na taarabu: kuziba nyuzi, mkwanguo, mapigo ya mlipuko, mshuko, mngurumo, ukelele. Maneno haya yanaweza kutumiwa pia kueleza muziki mwingine, jambo ambalo majina ya tanzu hayawezi.

Kwa wahifadhi na vyombo vya hakimiliki, hatua inayofuata ni kuweka nafasi tatu tofauti katika fomu ya usajili: utanzu kama msanii anavyoutaja, sifa za kimuziki, na maudhui ya maneno. Kwa vyombo vinavyopitisha kazi za sanaa, mpangilio huo una faida ya ziada. Iwapo kazi inatiliwa shaka, shaka iwe juu ya maneno yaliyotamkwa na yanayoweza kunukuliwa, wala isiwe juu ya sauti nzito ya gitaa au jina la kutisha lililoandikwa kwenye jalada.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba hevi metali na hadikoo zilianza zikiwa na sifa zinazotenganika, zikabadilishana sifa hizo kwa miaka ishirini, na zikazaa tanzu ambazo majina yao yanataja mambo ya aina mbalimbali: mara mwendo, mara mada, mara kichwa cha albamu. Jina ni ushahidi wa jinsi watu walivyojitambulisha, na kwa sababu hiyo linastahili kuhifadhiwa. Haliwezi kuchukua nafasi ya maelezo ya sauti. Kiswahili kimekwisha kuifanya kazi ya namna hii katika ushairi, kwa kutenga bahari zinazotajwa kwa umbo na zile zinazotajwa kwa maudhui. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zina nafasi ya kuifanya katika muziki pia, wakati ambapo rekodi za vijana wa Nairobi na Kampala bado zinapatikana na waliozitengeneza bado wanaweza kuulizwa.